Mtoto Anapopasuliwa Kichwa: Yampasayo Mzazi Kuyajua

Katika habari zinazoweza kumfika mzazi, ni chache zinazotetemesha moyo kama kuambiwa kwamba mtoto wake mchanga, ambaye hata shingo haijakaza, hana budi kupasuliwa kichwa. Mkono ukivunjika twaelewa; jino likioza twaelewa. Lakini kichwani ndimo anamokaa mtu mwenyewe. Ndiyo maana wazazi wengi wakiambiwa hivyo huomba jambo moja tu, yaani muda. Wataka kwenda nyumbani wakafikiri, wawaulize wazee, wangoje mavuno, wangoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa askari na polisi wanaofanya kazi mbali na familia zao, kwamba katika ugonjwa wa maji kichwani, muda ndicho kitu ambacho mtoto hana.

MAJI HAYO NI NINI?

Ubongo wa kila mwanadamu umezungukwa na maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa ndani ya vyumba vinne vidogo vilivyomo katikati ya ubongo, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kila siku, wala hana habari. Sisi wa Rusizi tunao mfano mbele ya macho yetu. Ziwa Kivu hupokea maji ya mito mingi, kisha huyatoa kwa mto Rusizi kwenda Tanganyika. Mto huo ungezibwa leo, mvua isingekoma kunyesha kwa ajili hiyo. Ziwa lingepanda na kuzifunika nyumba za ufukoni. Ndivyo yanavyokuwa ndani ya kichwa njia ya maji inapozibwa.

Kwa mtu mzima mfupa wa kichwa haupanuki, hivyo maumivu humshika mara moja. Kwa mtoto mchanga mifupa haijaungana. Kichwa hupanuka, na kupanuka huko humdanganya mzazi, kwa kuwa mtoto huendelea kunyonya na kucheka, huku ndani ubongo ukibanwa na kukondeshwa siku hata siku. Watu wa Tanzania huwaita watoto hawa kwa jina la wazi, watoto wenye vichwa vikubwa, na mara nyingi huwataja pamoja na wale wa mgongo wazi, kwa sababu maradhi hayo mawili hufuatana sana.

YALIYOTUPATA

Binti yetu alizaliwa salama. Alipokuwa na majuma matatu alishikwa na homa kali, akatibiwa, akapona. Alipotimiza miezi mitatu, mke wangu alinionyesha kofia ya sufi aliyokuwa amemfumia yeye mwenyewe. Juma lililopita ilimtosha. Sasa haikupita juu ya masikio. Utosi ulikuwa umevimba, mishipa ya kichwa ilionekana chini ya ngozi, na macho yalikuwa yakiangalia chini kama jua linalozama, weupe ukibaki juu.

Katika kituo cha afya muuguzi alichukua utepe wa cherehani akapima. Sentimita 45. Hakusema neno la kututisha. Alipima tena, akaandika, akatutuma hospitali ya wilaya siku ile ile. Huko alipigwa picha ya mawimbi ya sauti kupitia utosini, tukapewa barua ya rufaa kwenda Kigali.

Jioni ile nyumba ilijaa watu. Shangazi yangu alipanda kutoka Bugarama, akaketi, akasema kwa sauti ya huzuni, "Mwanangu, ni nani aliyefunguliwa kichwa akabaki mtu? Mwacheni mtoto. Kuna mzee anayejua dawa za mambo haya, na kuna maombi." Shangazi alimpenda mtoto yule, na hofu yake ndiyo hofu ya nchi nzima. Mke wangu alimjibu kwa adabu, "Shangazi, kichwa hiki kinafunguka chenyewe kila siku. Afadhali kifunguliwe na anayejua." Maombi tuliyapokea, na barua ya rufaa tukaiweka mfukoni. Tuliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na chakula cha mjini. Bima hulipa dawa na upasuaji, lakini hailipi uji wa mama anayelala chini ya kitanda cha mtoto wake.

Alfajiri tulipanda basi Kamembe. Wanaoijua barabara ya msitu wa Nyungwe wanajua baridi yake na kona zake. Mtoto alitapika mara kwa mara, na abiria wenzetu, watu wema, walisema ni kona. Mke wangu alikuwa akihesabu kimya kimya. Kutapika huko kulianza siku mbili kabla ya safari.

KALAMU NA HATI

Daktari wa upasuaji alitueleza kwa kuchora. Alichora vyumba vya ubongo na mahali palipozibwa. Alisema mapipa mengi ya maji yakizibwa bomba, fundi ana njia mbili: kutia bomba jipya au kutoboa njia nyingine. Kisha alitaja hatari tatu, nazo ni kutoka damu, kuingia vijidudu, na mrija kuziba baadaye. Mwisho alisema neno ambalo kila mzazi aliyefika hapo hana budi kulisikia: upasuaji haurudishi kilichokwisha kupotea. Huzuia kisipotee zaidi. Nilimwuliza tungengoja mwezi mmoja ingekuwaje. Alijibu kwamba mwezi huo ungelipwa na mtoto, kwa macho yake au kwa akili yake.

Katika kazi ya serikali nimetia sahihi hati nyingi. Hiyo ndiyo pekee niliyoisoma mara nne.

Mtoto alinyonya mara ya mwisho saa kumi alfajiri, kwa sababu tumbo la anayepewa dawa ya usingizi halina budi kuwa tupu. Kuanzia hapo nilimbeba mimi. Akibebwa na mama yake alinusa maziwa akalia, na mama naye kitenge chake kililowa. Saa mbili asubuhi tulimkabidhi kwa wauguzi, kichwa kimenyolewa. Tulingoja kwenye benchi kwa muda upatao saa moja na nusu. Mama mmoja wa Nyamagabe aliyekuwa na mtoto wa ugonjwa huo huo alituonyesha wa kwake, kovu dogo nyuma ya sikio, mtoto akitafuna andazi. Hakutuambia maneno mengi. Andazi lile lilitutosha.

Jioni binti yetu alinyonya. Utosi uliokuwa umevimba kama ngoma ulikuwa umeshuka.

KAZI INAVYOFANYWA

Njia ya kwanza ni ya mrija. Daktari hutoboa tundu dogo katika fuvu, hupitisha mrija mwembamba laini mpaka ndani ya chumba cha maji, kisha huuteremsha chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hata tumboni. Huko maji hunyonywa na mwili bila dhara. Katika mrija huo mna kilango kinachoruhusu maji kushuka lakini yasirudi juu.

Njia ya pili haina mrija. Daktari huingiza darubini nyembamba na kutoboa dirisha dogo katika sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, ili maji yapate njia nyingine. Kwa watoto wachanga njia hii ilisitawishwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika mji wa Mbale, Uganda, ambako hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani, aliona kwamba mtoto wa kijijini ambaye mrija wake umeziba huenda asifike hospitalini kwa wakati. Kwa hiyo aliongeza jambo moja: pamoja na kutoboa dirisha, kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji ili yapungue. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko kwa watoto 100, ambao baadhi walitiwa mrija na wengine walitobolewa dirisha. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti kubwa ya akili kati yao. Hivyo mzazi asisikitike akiambiwa mtoto wake atafanyiwa hii wala si ile. Daktari huchagua kwa kutazama picha, umri na chanzo cha ugonjwa.

WAZAZI WALIOTUTANGULIA

Ni vema tujue kwamba vilango hivyo vinavyookoa watoto wetu vilibuniwa kwa machozi ya wazazi kama sisi. Mwaka 1955 huko Marekani, fundi wa kiwandani aitwaye John Holter alipata mtoto wa kiume, Casey, mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Alipoambiwa kwamba hakuna kilango kinachofaa, alikwenda kukitengeneza mwenyewe kwa mpira wa silikoni, na mwaka 1956 kilianza kutumiwa. Casey hakuishi miaka mingi, lakini kilango cha baba yake kiliwaponya watoto wa watu wengine.

Mwezi wa Desemba 1960, mtoto wa mwandishi Mwingereza Roald Dahl, aitwaye Theo, mwenye miezi minne, aligongwa na teksi mjini New York akiwa katika kigari chake. Maji yalijaa kichwani, na mrija aliotiwa ukawa unaziba mara kwa mara. Baba yake alimtafuta Stanley Wade, fundi aliyetengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa London, nao kwa pamoja wakatengeneza kilango kipya mwaka 1962. Theo mwenyewe alikuwa amekwisha kupata nafuu wala hakukihitaji, lakini kiliwafaa watoto wapatao 3,000 duniani, na watu hao watatu hawakuchukua faida yoyote.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Wengi hudhani kazi imekwisha siku ya kutoka hospitali. La. Katika utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 1998, mirija takriban 4 kati ya kila 10 ilishindwa kazi ndani ya mwaka wa kwanza, na utafiti huo ulifanywa katika nchi zenye hospitali karibu. Binti yetu alipokuwa na miaka miwili aliamka akitapika na kusinzia. Huku kwetu homa na kutapika huitwa malaria kabla hata ya kupimwa. Tulimpima malaria, na papo hapo tukamwambia mganga wa kituo, "Mtoto huyu ana mrija kichwani." Neno hilo ndilo lililomrudisha Kigali kesho yake. Mrija ulikuwa umeziba, akapasuliwa mara ya pili. Leo ana miaka minne. Alichelewa kutembea na jicho moja hupinda kidogo, lakini huhesabu mpaka ishirini na hugombana na kaka yake kama mtoto yeyote.

Basi mzazi ashike haya:

Kwanza, apime. Wengi wa watoto huzaliwa na kichwa cha sentimita 33 hadi 37. Kichwa hukua kiasi cha sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, sentimita 1 kwa mwezi katika mitatu inayofuata, kisha nusu sentimita mpaka mwaka utimie. Utepe upite juu ya nyusi na mahali palipotokeza zaidi kisogoni. Kikikua mbio kuliko hivyo, mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Pili, mtoto aliyekwisha kupasuliwa akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata homa, utosi ukivimba, au kidonda kikiwa chekundu na kutoa maji, asingojwe. Kila mganga aambiwe habari za mrija.

Tatu, mtoto huyo apate chanjo zake, achezewe, asemeshwe, na wakati ukifika aende shule. Kumficha ndani ni kumnyima kile kile tulichomwokolea.

Nne, na hili ni la askari na polisi: ukienda kazini mbali, acha nyumbani kadi ya bima na neno la ruhusa. Kwa familia zilizo katika bima ya Mutuelle, mlango ni kituo cha afya na barua ya rufaa. Mama asikae siku tatu akingoja simu ya baba ili akubaliwe kumpeleka mtoto. Hospitali kubwa za Kigali, ikiwamo ya kijeshi ya Kanombe, zina madaktari wa ubongo.

KUZUIA

Ugonjwa huu haukuletwa na laana, wala hakuna jirani aliyeutuma. Katika watoto 300 waliochunguzwa Mbale, na habari zao kutangazwa mwaka 2005, takriban 60 kwa kila 100 walipata maji kichwani kwa sababu ya maambukizi, mengi yao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo kujifungulia kituoni, kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto, kuacha kitovu kikauke bila kupakwa samadi wala majivu, na kukimbilia matibabu mtoto mchanga anaposhikwa na homa, ni kinga ya ubongo. Kwa upande wa mgongo wazi, vidonge vya asidi ya foliki vikitumiwa na mwanamke tangu kabla ya kushika mimba hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Utepe wa cherehani hauna gharama kubwa, na karibu kila kijiji kina fundi wa nguo. Akina mama na akina baba wenye watoto wachanga, uazimeni jioni ya leo.