Penzi Baada ya Ndoa Chungu (2): Nyumba Ni ya Nani?

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha mke wa ndoa chungu akifunga mizigo. Riwaya nyingi za mapenzi humtoa hapo na kumkabidhi kwa mwanamume mwema, kana kwamba kati ya talaka na penzi jipya hakuna kula wala kulala.

Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, hakuandika hivyo. Katika Parched Earth, riwaya yake ya mwaka 2001, Doreen ni mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Martin, anataka mtoto wa kiume. Binti waliyemzaa hamtoshi, na ndoa inakauka. Joseph, mpenzi mpya, anapoingia katika maisha ya Doreen, anakuta mwanamke mwenye kazi na akili yake. Ndiyo maana penzi lao linaaminika.

Mohamed Suleiman Mohamed alikuwa mkali zaidi katika Nyota ya Rehema, 1976. Rehema, aliyeumizwa na wanaume mjini, anatulia na Sulubu, mkulima anayempenda kweli. Kinachowavunja ni shamba: baba yake Rehema alimpa kwa mdomo, bila hati, na baada ya kifo cha baba huyo likagombewa.

Msomaji wa Arusha anaielewa hofu hiyo. Kwenye miteremko ya Meru, kwa Wameru na Waarusha, shamba la migomba na kahawa limezoeleka kurithiwa na wana wa kiume. Mke anayeondoka huiacha migomba aliyoipalilia miaka yote, akaanze upya kwa wazazi au kwa biashara ndogo sokoni Tengeru au Kilombero. Penzi jipya likimkuta hana pa kulala, anaweza kulipokea kwa sababu ya paa tu. Hapo ndipo ndoa mbaya ya pili inapozaliwa.

Lakini mke huyo ana pa kushika kisheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakataza kumpiga mwenzi, na ukatili, hata wa kiakili, unaweza kukubaliwa kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, lakini wanawake wengi baada yake wamegawiwa mali kwa msingi huo.

Kwa kawaida, kabla ya kudai talaka mahakamani, lazima mpitie baraza la usuluhishi wa ndoa. Dada unayesoma haya, usifike mahakamani mikono mitupu: tunza stakabadhi za matofali, ada za shule na mbolea, ziwe ushahidi wa mchango wako.