Mwajiri wa Zamani Anaruhusiwa Kusema Nini? Utangulizi

Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti mkataba unapokwisha. Ni karatasi kavu: uliingia lini, ulitoka lini, ulifanya kazi gani. Lakini wiki mbili baadaye simu inapigwa kutoka ofisi moja ya Remera kwenda ofisi nyingine ya Nyarugenge, na mtu anauliza, "Huyu bwana mlimwonaje?" Juu ya simu hiyo sheria ya kazi imenyamaza. Na katika mji kama Kigali, ambako mameneja wa benki, hoteli na mashirika wanafahamiana kwa majina, mara nyingi simu hiyo ndiyo inayoamua nani ataripoti kazini Jumatatu.

Somo letu limo ndani ya ukimya huo. Karibu. Huhitaji kuwa mwanasheria ili ulifuate. Ukiwa umewahi kuajiriwa, kuajiri, au kuandikwa kama mdhamini kwenye barua ya mtu, tayari una mifano ya kutosha.

Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba mwajiri wa zamani amekatazwa kusema baya lolote. Waajiri nao wanaamini kinyume chake, kwamba ukisema kweli hakuna wa kukugusa. Imani ya kwanza inachanganya cheti na maoni. Ya pili inasahau kwamba jambo linaweza kuwa la kweli na bado likawa si lako kulitangaza.

Kwanza cheti. Ukavu wake una historia chungu. Kule Kenya ya kikoloni, amri ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri, mshahara, na siku ya kuanza na kuacha kazi. Bila saini ya mwajiri wa zamani ya kukuachilia, ulihesabiwa mtoro, na utoro wa kazi ulikuwa kosa la jinai. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga mwanaharakati Harry Thuku kabla ya kukamatwa Machi 1922, na hakikuondolewa hadi 1947. Ufaransa nayo ilikuwa na kijitabu chake cha mfanyakazi tangu 1803. Sheria ya tarehe 2 Julai 1890 ilikifuta, na papo hapo ikaleta cheti cha kazi chenye tarehe na aina ya kazi tu, basi. Shabaha ilikuwa kumnyang'anya mwajiri kalamu ya kumfuata mtu hadi kazi yake inayofuata.

Shirika la Kazi Duniani lilikuja kuyaweka hayo katika mapendekezo yake. Pendekezo la 119 la 1963 linasema cheti kisiwekwe neno lolote la kumdhuru mfanyakazi. Lile la 166 la 1982 linaongeza kwamba tathmini ya mwenendo na utendaji inaweza kuandikwa, iwapo mfanyakazi mwenyewe ameiomba. Majirani zetu wako kwenye njia hiyohiyo. Tanzania inadai cheti katika kifungu cha 44 cha sheria ya ajira ya 2004. Kenya, katika kifungu cha 51 cha sheria yake ya 2007, inamtia hatiani mwajiri anayekataa kutoa cheti au anayeandika ndani yake jambo analojua ni la uongo: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya sifa. Hapo ndipo mstari unapopita, na ningependa msomaji aushike mapema: cheti ni haki ya mfanyakazi, sifa ni hiari ya mwajiri. Akishaamua kuitumia hiari hiyo, sheria nyingine zinaamka.

Kwa Rwanda, zinazoamka ni za namna mbili, na hazikutungwa kwa ajili ya jambo hili. Ndiyo maana somo lenyewe halina kitabu kimoja cha kulifungia.

Ya kwanza ni dhima ya madhara. Kwa miongo mingi mawakili walitaja kifungu cha 258 cha kanuni ya madai iliyotokana na amri ya tarehe 30/07/1888, ya enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake, alipe. Sheria Namba 20/2019 ikazifuta sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru, na kifungu hicho kikaenda nazo. Je, hakimu amebaki mikono mitupu? Hapana. Kifungu cha 9 cha Sheria Namba 22/2018, ile ya mwenendo wa mashauri, kinamwambia kwamba pasipo na sheria aamue kwa kanuni ambayo angeitunga kama angekuwa mtunga sheria, akiongozwa na hukumu zilizopita, mila na desturi, kanuni za jumla za sheria na maandiko ya wataalamu. Nakiri nakipenda kifungu hiki kuliko inavyompasa mwalimu asiyependelea. Kinamwachia hakimu nafasi ya kujenga, na kinawapa wanafunzi kazi.

Ya pili ni Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, iliyowapa watu miaka miwili ya kujiandaa na inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyoligeuza somo hili. Faili la mfanyakazi ni data yake. Anaweza kuomba aone kilichomo na kudai kisahihishwe. Nyuma ya sheria hiyo kuna Katiba, kifungu cha 23, kinacholinda faragha pamoja na heshima ya mtu.

Sasa turudi kwenye simu, tumsikilize meneja wa Nyarugenge sentensi kwa sentensi. Tuseme anayeulizwa habari zake ni mhasibu.

"Alikuwa kwetu Januari 2019 hadi Machi 2022." Hakuna shida, hilo limo hata kwenye cheti.

"Mahesabu ya mwisho wa mwezi yalikuwa yakichelewa, tulimwandikia barua mbili za onyo." Hapa ni maoni yenye ushahidi. Barua zipo, alizisaini, alipewa nafasi ya kujibu. Kama mhasibu mwenyewe ndiye aliyemtaja meneja huyu kuwa mdhamini wake, ni vigumu alalamike kwamba ameulizwa.

"Aliiba." Meneja amevuka. Labda fedha zilipotea, labda hata ni yeye aliyezichukua, ila bila hukumu ya mahakama mtu huyo ana ulinzi wa kifungu cha 29 cha Katiba: hana hatia hadi ithibitishwe. Meneja angeweza kusema, "Tulivunja mkataba baada ya uchunguzi wa ndani," kama kweli uchunguzi ulifanyika na upo kwenye maandishi. Sentensi hizi mbili zinatofautiana kwa dhima, hata kama msikilizaji anazielewa sawasawa.

"Halafu alikuwa anaumwaumwa." Hii ndiyo hatari kuliko zote, na ndiyo inayotamkwa kwa upole kuliko zote. Hali ya afya ni data nyeti chini ya sheria ya 2021, sawa na imani ya dini, msimamo wa kisiasa au rekodi ya jinai. Ukweli wake haumsaidii meneja. Kadiri ilivyo kweli, ndivyo alivyotoa siri halisi.

"Tena alitupeleka kwa mkaguzi wa kazi." Kumfikia mkaguzi ni hatua ambayo sheria yenyewe imeiweka kabla ya mahakama. Kumtangaza mtu mkorofi kwa kuifuata ni kumwadhibu kwa kutumia haki yake.

Na kuna swali moja ambalo maofisa rasilimali watu wa Kigali hulipenda: "Mngemwajiri tena?" Meneja anavuta pumzi, anasema, "Mmh, hilo siwezi kulijibu." Hajasema kitu, na amesema yote. Wajerumani wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Barua zao za sifa zilizoea mafumbo, kiasi kwamba kuandikiwa "alijitahidi" ilikuwa ni kuambiwa umeshindwa, na sheria yao ikapiga marufuku maneno yenye maana iliyofichwa. Ila hakuna sheria ya kupima pumzi ya mtu kwenye simu.

Kampuni nyingi zimekimbilia kujibu tarehe na cheo tu. Wanasheria wao wanawashauri hivyo, nami naelewa kwa nini. Uingereza, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance iliyoamuliwa 1994, mahakama ya juu ilisema mwajiri anayeandika sifa ana wajibu wa uangalifu kwa yule anayeandikwa. Barua ya uzembe imemnyima mtu kazi, basi alipwe. Rwanda imo katika Jumuiya ya Madola tangu 2009 na mawakili wetu wanaisoma kesi hiyo kwa hamu. Hata hivyo naona ukimya wa jumla ni dawa kali mno. Unamfanya mchapakazi wa miaka kumi afanane na mtegaji wa miezi kumi, na wanaoumia zaidi ni wasio na jamaa wa kuwasemea pembeni.

Nimebakiza watu ambao vitabu vingi vinawapita haraka: wafanyakazi wa nyumbani, mafundi, wasaidizi wa madukani Kimironko. Sheria ya kazi ya 2018 imewafungulia walio katika sekta isiyo rasmi mlango kwa baadhi ya mambo, si yote, na wengi wao hawajawahi kuona mkataba wala cheti. Msichana aliyelea watoto wa nyumba moja kwa miaka minne anategemea neno la mama mwenye nyumba kwa jirani yake. Neno hilo halina faili, halina ofisa, na mara nyingi halina shahidi. Sura ya mwisho nimewaachia wao, na ndiyo ndefu kuliko zote. Sura ya kwanza inaanza na cheti; kama unacho chako, kitafute kabla hujaifungua.