Tiba kwa Simu na Siri ya Mgonjwa

UKIMWI ulitambuliwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoenea, mgonjwa wa Bukoba au Muleba aweza kuishi miaka mingi, mradi asikatishe dawa. UVIKO-19 ilipoingia nchini Machi 2020, watu walishauriwa kuepuka misongamano, nayo simu ikaonekana kuwa njia ya kufaa.

Je, simu yaweza nini? Yaweza kumsaidia mkazi wa kisiwa cha Bumbire kueleza maudhi ya dawa na kupata ushauri bila kupanda mashua kwenda bara. Lakini haipeleki vidonge wala haichukui damu. Wingi wa virusi hujulikana kwa kipimo cha maabara tu.

Tena ipo siri. Kliniki, mgonjwa huogopa kuonwa na jirani. Nyumbani, simu ikitumiwa na jamaa wote, ujumbe mmoja waweza kumfichua. Kwa hiyo mhudumu wa afya hana budi kumwuliza kwanza: apigiwe au aje mwenyewe? Saa ngapi? Akipokea mtu mwingine, aambiwe nini? Majibu hayo yaandikwe, na yafuatwe.