Degedege ya mtoto mchanga: breki za ubongo zisiposhika

Mama mmoja wa mtaa wa Langas, hapa Eldoret, aliniletea mtoto wa siku 3. Mtoto alikuwa akichezesha midomo kana kwamba ananyonya, macho yamekaza upande mmoja, na miguu ikienda kama ya mwendesha baiskeli. Kwa kuwa hakutoa povu wala kutupatupa mikono, jamaa walisema anaota. Haikuwa ndoto. Ilikuwa degedege.

Msomaji, mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Hata ubongo wake una desturi zake, na ni vyema uzifahamu.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Ili umeme huo usizidi, ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kwa mtu mzima ni breki. GABA hufungua vijilango katika ukuta wa seli, na kupitia hapo hupita kloraidi, chembe ile ile inayoungana na sodiamu kuwa chumvi ya jikoni. Kwa mtu mzima, kloraidi ni haba ndani ya seli. Vijilango vikifunguka, huingia, nayo seli hutulia.

Ni nani anayepunguza kloraidi hiyo? Kuna pampu mbili. Moja, NKCC1, huiingiza ndani. Nyingine, KCC2, huitoa nje. Katika ubongo unaokua, ya kuingiza ina nguvu ilhali ya kutoa bado ni changa. Kloraidi hurundikana ndani. GABA ikifungua vijilango, kloraidi hutoka badala ya kuingia, na seli husisimka. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1989, Yehezkel Ben-Ari na wenzake walipochunguza ubongo wa panya wachanga huko Paris.

Hiyo si kasoro. Msisimko huo husaidia seli changa kukua na kuungana. Baadaye KCC2 huongezeka, na breki huanza kushika.

Taabu huja degedege inapotokea mapema. Fenobabitoni, dawa ambayo madaktari huanza nayo, hufanya kazi kwa kuipa GABA nguvu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, dawa hii peke yake ilituliza degedege kwa watoto wachanga chini ya nusu. Hali ya kloraidi inadhaniwa kuwa sababu mojawapo. Watafiti wa Ulaya walijaribu kuongeza bumetanaidi, dawa ya kukojoza inayozuia NKCC1. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015: haikusaidia vya kutosha, na baadhi ya watoto walidhurika masikio. Hadi leo fenobabitoni ndiyo ya kwanza, lakini hutolewa hospitalini, kwa kipimo cha uzito, huku pumzi ya mtoto ikichungwa. Kamwe usimpe mtoto vidonge vya kifafa vya mtu mwingine.

Wala usimnyime mama chumvi, au kumpa mtoto maji ya chumvi. Pampu hizi haziongozwi na sufuria ya jikoni. Maji matupu nayo ni hatari: yakizidi, hupunguza sodiamu katika damu ya mtoto na yanaweza kuleta degedege. Maziwa ya mama yanamtosha kwa miezi 6.

Utaijuaje degedege? Shika kwa upole mkono au mguu unaotetemeka. Mtetemo wa kawaida hukoma. Wa degedege huendelea mkononi mwako. Angalia pia macho yaliyokaza, midomo inayotafuna bure, na pumzi inayokatika.

Ukiona hayo, usimtie kitu mdomoni wala kumfukiza dawa. Mlaze ubavu, mfunike apate joto, umkimbize hospitali usiku huo huo. Huko atapimwa sukari na kuchunguzwa maambukizi, na daktari atauliza kama alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Sukari iliyoshuka hurekebishwa kwa dakika chache, lakini ikicheleweshwa huacha kovu la maisha.

Mtoto wa Langas alikuwa na sukari ya chini. Aliwahiwa.