Jeki au Mnyororo?

Juzi nilibadilisha krosimemba ya mbele ya gari langu, iliyoliwa na kutu, hapo hapo uani kwangu. Ni ile fremu ya chuma iliyo chini ya injini. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, baadhi ya mipira ishikayo injini hufungwa juu yake. Ukiiondoa, injini na giaboksi, mzigo uwezao kuzidi kilo 150, hukosa egemeo.

Nilitaka kuweka jeki chini ya bakuli la oili. Fundi jirani akanizuia: "Mzee, krosimemba itashukia wapi?" Kweli, jeki ingeziba njia, na bakuli lingebonyea.

Gari tukaliweka juu ya stendi za chuma, si matofali. Tukalaza boriti ya chuma juu ya kingo imara za bodi, kulia na kushoto, tukaining'iniza injini kwa mnyororo kwenye pete zake za kunyanyulia. Mnyororo ulikazwa kabla ya kulegeza bolti hata moja. Jeki ikabaki na kazi ya kushusha krosimemba.

Aliyeingia chini kufungua bolti ya mwisho ni mwanangu. Injini haikutikisika.