Mke, Mume na Lori katika Nchi ya Ruangwa na Nachingwea

Likunja ni kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, na pamoja na maeneo jirani ya Nachingwea imo katika nchi ambayo kwa asili ni ya Wamwera, waliochanganyika kwa muda mrefu na Wayao, Wamakua na Wamakonde, jamii ambazo zote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi ya jamii hizo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye kauli katika posa na mirathi, na kijana aliyeoa alihamia kwa wakwe zake, akalima shamba lao kabla ya kutambuliwa kuwa mwenye mji wake. Uislamu, Ukristo, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 na zao la korosho, ambalo humfanya mpanda mikorosho aione kuwa mali yake binafsi, vimeipunguza nguvu desturi hiyo, lakini havijaifuta, na asiyeielewa hawezi kueleza jinsi ndoa ya dereva wa lori inavyoanza na kusimama katika nchi hii.

Lori lenyewe lina historia yake hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuiunganisha na mashamba, na mradi ulipokufa mwaka 1951 reli ilibaki bila mzigo wa kutosha, ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila kitu kiliingia na kutoka kwa lori, katika barabara ambazo masika yalizifunga kwa wiki nyingi, kwa kuwa hata Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Dereva aliyefika na sukari, mafuta ya taa na barua alikuwa mtu wa kupokewa kwa heshima, na vijana waliotamani kazi ya mshahara walimtazama yeye kabla ya kumtazama karani. Siku hizi msimu unaotawaliwa na malori ni ule unaoanza mwezi Oktoba, minada inapofunguliwa chini ya stakabadhi ghalani, yaani utaratibu ambao mkulima hukabidhi korosho kwenye ghala la ushirika na kulipwa baada ya mnada. Chama Kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndicho kinachosimamia minada hiyo, na malori ndiyo yanayobeba magunia kuelekea Mtwara. Hata hivyo safari ya Mtwara si ndefu. Safari ndefu ni ile ya vijana wanaoajiriwa Dar es Salaam na kuendesha hadi Tunduma, Zambia na Lubumbashi, ambayo kwa foleni za mipakani huweza kumweka mtu barabarani kwa wiki kadhaa.

Kijana haanzi na usukani. Huanza kama tandiboi, au utingo, yaani msaidizi anayefunga turubai, kuweka kigingi cha tairi, kupika na kulinda mzigo usiku, na ni baada ya kuaminiwa na dereva wake, na kupanda kutoka leseni ya magari madogo hadi ya daraja E, ndipo tajiri, kama mwenye gari anavyoitwa, humkabidhi lori. Kwa wengi muda wa kupanda ngazi hiyo ndio huo huo wa kuoa, na hapo ndipo posa huwa na jambo la ziada. Mshenga hupeleka maneno, mahari huzungumzwa, lakini wazee wa upande wa mke hawatosheki kujua kijana ni wa nani. Hutaka pia kujua anarudi lini, anarudi kwa nani, na akikwama njiani nani atabeba majukumu yake. Ni maswali ya haki, kwa kuwa madereva wamesemwa miaka mingi kuwa wana mke katika kila kituo, na maradhi yaliyosambaa katika njia kuu tangu miaka ya 1980 yaliziachia familia nyingi msiba uliofanya uvumi huo usichukuliwe kama mzaha.

Katika jambo hili mila ya ukoo wa mama imekuwa msaada kuliko kikwazo. Mke anayebaki kwa mama yake, au karibu naye, haachwi peke yake mume anapoondoka: ana dada zake wa kulima nao, ana mama wa kumlelea mtoto mchanga, ana mjomba wa kusimamia ugonjwa na karo. Katika jamii ambako mke huhamia kwa wazazi wa mume, safari ya mume humwacha mgeni katikati ya wakwe. Hapa mgeni ni mume, naye hata hivyo yuko barabarani. Tatizo hujitokeza katika nyumba. Fedha ya safari ikijenga nyumba katika ardhi ya ukoo wa mke, ndoa ikavunjika, mume kwa desturi huondoka na nguo zake, na ndiyo maana madereva wenye busara hulizungumza jambo hilo mbele ya wajomba wa pande zote mbili kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Jipya kabisa ni wanandoa kusafiri katika gari moja. Kabini ya semi, yaani lori refu la tela, ina viti viwili na nyuma yake kitanda chembamba. Pazia lake mara nyingi ni kanga iliyofungwa kwa kamba, na ubavuni mwa tela hufungwa sanduku la bati lenye jiko, sufuria, unga na dumu la maji. Nchini Marekani mume na mke wenye leseni huajiriwa kama timu, mmoja akiendesha na mwingine akilala, kwa kuwa sheria ya huko humruhusu dereva wa mizigo kushika usukani saa 11 tu kabla ya kupumzika saa 10. Huku kwetu mke hupanda kwa kawaida kama abiria wa mumewe, na tandiboi, ambaye hana kitanda kingine, hulala chini ya tela au juu ya mzigo. Desturi ya heshima, inayotaka faragha ya wanandoa isionekane wala isisikike na kijana wa nje, hukosa mahali pa kukaa.

Wala elimu ya ndoa haijalifikia jambo hili. Katika unyago, yaani mafunzo ya msichana anayevuka utoto, kungwi wake, yaani mwalimu wake wa unyago, humfundisha usafi, adabu na kuishi na mume nyumbani. Katika jando mvulana hufundishwa heshima kwa wakwe na kazi ya mikono. Hakuna anayefundishwa namna ya kuwasha jiko kando ya barabara usiku, kugawana zamu ya kukesha, au kunyamaza wakati mwenzake yuko kwenye mizani, vituo vya kupimia uzito ambavyo katika Afrika Mashariki havivumilii gari kuzidi tani 56. Mwezi Mei 2024, mafuriko yalipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, malori na mabasi yalikwama pande zote mbili, na katika hali kama ile mke asiye na kazi rasmi garini huhesabiwa mzigo, hata kama ndiye anayewapikia wote na kukesha akilinda turubai.

Hilo halistahili kuendelea. Mke anayekesha, anayepika, anayehesabu magunia na kumwamsha dereva anayesinzia anafanya kazi, na kazi hiyo inastahili posho kwa jina lake. Wajomba na mashangazi wanaosimamia ndoa hizi waulize habari za kabini kama wanavyouliza habari za nyumba, na makungwi wa Ruangwa na Nachingwea wawaite wake wa madereva waliokwisha safiri waje wawafundishe wari, yaani wasichana walio unyagoni. Na matajiri wa malori wamruhusu mke anayetaka usukani asome hadi apate leseni ya daraja E, kisha wamwajiri pamoja na mumewe kwa mkataba wake mwenyewe.