Maumivu ya kongosho: Saa 48 za hatari

Je, msomaji, ukipigiwa simu usiku kutoka nyumbani kwamba baba ameshikwa na tumbo, utauliza nini? Wengi wetu tunaoishi Mombasa na Nairobi huuliza tu kama maumivu ni makali, kisha tukashauri apewe dawa ya vidonda vya tumbo hadi kupambazuke. Kwa jamaa walioko Wema, kijiji cha wakulima kandokando ya Mto Tana karibu na Garsen, ushauri huo waweza kumponza mgonjwa. Huenda tumbo hilo ni la kongosho.

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji ya kusaga chakula, na pia insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kijiwe kikitoka katika kifuko cha nyongo na kuziba njia yake, au kikidhuriwa na pombe, iwe ni mnazi, chang'aa au bia, maji yale huanza kukisaga kiungo chenyewe.

Maumivu huja kwa ghafla juu ya kitovu, hupenya hadi mgongoni, na mgonjwa hutapika. Hospitalini damu hupimwa amilesi au lipesi. Ikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, daktari huwa karibu na uhakika. Lakini kipimo hicho hakisemi ugonjwa utakuwa mkali kiasi gani. Wala kelele za mgonjwa hazisemi.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kati ya wagonjwa 10, kiasi cha 8 hupona bila matatizo makubwa. Kwa waliosalia, uvimbe huwasha moto mwili mzima, na viungo vilivyo mbali na kongosho huanza kushindwa kazi: mapafu, moyo na mishipa ya damu, na figo.

Madaktari wamehangaika kwa miaka mingi kuwatambua mapema wagonjwa hao. Mnamo 1974, John Ranson wa New York alitoa orodha ya mambo 11 ya kuangalia: 5 mgonjwa anapolazwa na 6 baada ya saa 48. Mnamo 2008 ikatolewa njia fupi ya alama 5: umri wa zaidi ya miaka 60, akili kuvurugika, yurea kuzidi katika damu, maji kujaa kando ya mapafu, na dalili za mwili kuwaka kwa uvimbe. Alama 3 au zaidi ni hatari.

Mnamo 2012 wataalamu walikubaliana kwamba kiungo kikishindwa kazi kisha kikapata nafuu kabla ya saa 48, ugonjwa ni wa wastani. Kikiendelea kushindwa baada ya muda huo, ugonjwa ni mkali, na kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa wa namna hiyo huweza kufariki.

Uulize nini?

Baadhi ya dalili hizo hazihitaji mashine. Ukipigiwa simu, mwambie aliye karibu na mgonjwa achukue saa na ahesabu. Je, anapumua zaidi ya mara 20 kwa dakika? Mapigo ya moyo yamepita 90? Joto limezidi digrii 38 au limeshuka chini ya 36? Je, anakojoa? Anajua alipo? Majibu mabaya mawili au zaidi ni onyo. Hata yakiwa mazuri, maumivu ya namna hii yafikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na hesabu irudiwe njiani.

Kutoka Wema, zahanati yaweza kuanza maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Hospitali ya Ngao haiko mbali, lakini Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na Mombasa ni mbele zaidi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara. Mvua ikinyesha, saa 48 zaweza kuishia kwenye matope.

Kwa hiyo usingoje mgonjwa azidiwe ndipo utafute gari. Akipona, apimwe vijiwe vya nyongo, na pombe aiage kabisa. Mdharau mwiba mguu huota tende.